Sosi inajitenga maji: tutangaze shindano la wabunifu, au maarifa ya nje yanapatikana kwa njia nyingine?

NyanyaTupu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa viwanda.

Kiwanda ni cha sosi ya nyanya, kipo Nyanda za Juu Kusini, msimu ukikolea kinapokea tani 3 kwa siku. Maabara ina watu wawili tu. Tatizo ni hili: baada ya wiki tatu hivi dukani, maji yanapanda shingoni mwa chupa, nusu sentimita hadi sentimita nzima. Mteja akiminya, maji yanatangulia. Wanga wa mahindi umeongezwa kwa awamu mbili, kutoka asilimia 2 hadi 3. Maji bado yapo, na ladha sasa inaelekea kwenye uji.

Bodi imesikia kwamba kampuni kubwa siku hizi hazisubiri kugundua kila kitu zenyewe, zinachukua ubunifu kutoka nje. Zimetengwa milioni 15 za shindano la vijana wabunifu: mshindi anapewa milioni 5, zinazobaki ni matangazo na siku ya kilele. Je, kwa tatizo la aina hii shindano ndiyo njia? Tukitangaza, tunalindaje mapishi yetu? Na suluhisho likipatikana, mali ya nani?

Naomba kuwasilisha.

---

MpikaPektini

Mkuu, hizo milioni 15 zishikilie kwanza. Tatizo lako lina jibu ambalo lipo kwenye vitabu vya usindikaji miaka mingi, usije ukamlipa mtu milioni 5 akakusomee ukurasa mmoja.

Nyanya ikishapondwa, vimeng'enya vilivyokuwa vimefungiwa ndani ya seli vinakutana na pektini. Kimoja kinaivua pektini kinga yake, kingine kinaikata vipande. Pektini ndiyo inayoshika maji kwenye rojo. Ikishakatwa hairudi, hata uchemshe kutwa nzima. Ndiyo maana viwanda vya sosi nzito vinaponda nyanya moja kwa moja kwenye joto: rojo linafika nyuzi 90 au zaidi ndani ya sekunde, vimeng'enya vinakufa kabla havijafanya kazi. Wanaotengeneza juisi nyepesi hufanya kinyume, wanapasha hadi nyuzi 60 na kitu ili vimeng'enya vifanye kazi yake.

Wengi wanakosea hapa: wanaponda nyanya baridi, wanajaza tangi, ndipo wanafungulia mvuke. Joto linapanda polepole, linapita nyuzi 50, 60, 65, palepale vimeng'enya vinapochangamka. Kipimajoto mwishoni kinasoma 92 na kila mtu anaridhika, kumbe kazi ilishaharibika nusu saa nyuma.

Sasa huo wanga. Wanga wa kawaida wa mahindi ukipoa na kukaa, molekuli zake zinajikusanya upya na kukamua maji nje. Kwa hiyo mnaongeza dawa ambayo nayo inatoa maji. Na kama siki inaingia mapema, asidi inaukatakata wanga wakati wa kuchemsha. Siki iingie mwishoni.

Hivyo swali la kwanza si "shindano au la". Ni: maji yanatoka kwenye pektini iliyokatwa, kwenye wanga unaojikusanya, au kwenye nyuzi nene zinazozama kwa sababu matundu ya chujio ni makubwa? Dalili ya hilo mnaipata humohumo kiwandani kwa siku moja. Maarifa ya nje yanamsaidia mtu ambaye tayari anajua ni mlango gani wa kugonga.

Halafu wapigieni wauzaji wa viambato. Muuzaji wa wanga uliorekebishwa au wa gamu ya zanthani (unga wa kufanya chakula kiwe kizito) kwa kawaida anatoa sampuli ya kilo moja au mbili na karatasi ya maelekezo bure, maana anataka oda. Zanthani ya asilimia 0.1 hadi 0.2 inatosha kwenye sosi, lakini ichanganyeni kavu na sukari, sehemu 1 kwa 10, kabla ya kuimwaga. Ikigusa maji peke yake inafanya madonge yasiyoyeyuka. Tahadhari moja tu: muuza gamu, kila tatizo kwake dawa ni gamu. Hatakwambia urekebishe joto lako, hapo hana cha kuuza.

---

Darubini_ya_Hataza

Nakazia hapo kwa mkuu, na naongeza chanzo ambacho viwanda vyetu karibu havikigusi: hataza, yaani patenti za watu. Watu wanadhani ni nyaraka za wanasheria. Mle ndani kuna mapishi. Sheria inamtaka mwombaji aeleze uvumbuzi kiasi cha mtu wa fani hiyo kuweza kuurudia, kwa hiyo sehemu ya mifano inakupa joto, dakika, asilimia, mpaka aina ya pampu.

Tovuti za kutafutia hataza, yaani Espacenet, Patentscope na Google Patents, ni bure. Msitafute kwa neno "ketchup" peke yake, mtazama. Tumieni alama ya uainishaji A23L 27/60, ndimo zimo sosi za saladi, mayonezi na ketchapu, kisha ongezeni neno la tatizo lenu. Someni muhtasari, rukeni moja kwa moja kwenye mifano, madai yaacheni mwisho. Mifano inafundisha kazi. Madai yanaonyesha uzio wa ulinzi umepita wapi.

Mambo matatu ya kuangalia kabla hamjaiga. Herufi baada ya namba: kwa kawaida A ni ombi lililochapishwa, B ni hataza iliyotolewa, na ombi nyingi haziwi hataza. Tarehe: ulinzi kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya maombi, tena ukatike mapema mwenyewe asipolipa ada za mwaka. Na familia ya hataza, orodha ya nchi ilikoombwa. Tafuteni TZ, na AP ambayo ni ya ARIPO, shirika la nchi za Afrika la masuala ya hataza kule Harare, kwa sababu ombi la ARIPO linaweza kuitaja Tanzania ndani yake. Kama hamna TZ wala AP, na ombi si jipya, kwa kawaida uvumbuzi huo hapa nchini haulindwi, mnaweza kuutumia. Ila hataza ni ya nchi na nchi. Mkiuza Nairobi angalieni na KE, mkipeleka Lubumbashi angalieni CD, yaani Kongo.

Kosa la kawaida: kuangalia leo na kusahau kwamba ombi linachapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa. Kuna dirisha la mwaka na nusu ambalo hamlioni. Kwa teknolojia ya nyanya, ambayo sehemu kubwa ni ya zamani, hatari ni ndogo. Mkigusa vifungashio vipya, rudieni utafutaji.

---

Mswali_Sahihi

Tuseme mmepima, wauzaji wameulizwa, hataza zimesomwa, na bado kuna kitu hakijafunguka. Hapo ndipo unatoka nje kuuliza, na hapo uandishi wa tatizo ndiyo kazi yenyewe.

Tangazo la kawaida huwa hivi: "Tunatafuta mbinu bunifu za kuboresha ubora wa sosi yetu." Mtapata maandiko ya miradi 200 na hakuna hata moja litakalopimika.

Tangazo linalofanya kazi linakuwa hivi (namba ni za mfano, wekeni zenu): "Rojo lenye nyuzi laini za mmea, pH (kipimo cha uchachu) 3.8 hadi 4.1, Briksi (kipimo cha sukari na vingine vilivyoyeyuka) 24, linajazwa likiwa na nyuzi 85. Baada ya siku 21 kwenye nyuzi 30, maji huru yanafika mililita 8 kwa chupa ya gramu 400. Yanatakiwa yasizidi mililita 1 kwa siku 90. Gharama isiongezeke zaidi ya shilingi 25 kwa chupa. Imejaribiwa ikashindikana: wanga wa mahindi asilimia 2 na 3. Hakuna fedha ya mashine mpya inayozidi milioni 8."

Angalieni: neno nyanya halimo. Ni makusudi. Mtu wa rangi za nyumba, wa dawa ya meno, wa tope la kuchimbia visima, wote wanahangaika na chembe zinazozama kwenye maji. Ukiandika nyanya, wanapita.

Mfano unaojulikana ni wa taasisi ya Alaska inayoshughulikia mafuta yanayomwagika baharini. Shida yao: mafuta yaliyokusanywa kwenye matishari yanaganda kwa baridi mpaka hayapampiki. Waliandika tatizo kwenye jukwaa la InnoCentive, ambalo kampuni ya dawa ya Eli Lilly ililianzisha mwaka 2001. Mwaka 2007 mkemia John Davis alichukua dola 20,000. Wazo lake lilitoka kwenye zege: kifaa kile cha kutetemesha ambacho mafundi wanakichomeka kwenye zege bichi lisigande kabla ya kutandazwa. Watu wa mafuta walikuwa na tatizo hilo kwa miaka. Fundi yeyote wa ujenzi angelitambua, kama lingeandikwa kama tatizo la kitu kizito kinachogoma kutiririka.

Utafiti uliofanywa kwenye matatizo 166 ya jukwaa hilo ulikuta takriban asilimia 30 yalitatuliwa, na walio mbali na fani ya tatizo walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kulitatua. Bodi iisome asilimia 30 kwa pande zote mbili. Ni nyingi, ukikumbuka kwamba haya yalikuwa yamezishinda maabara za kampuni kubwa. Na ni saba katika kumi yaliyobaki bila jibu.

---

Wino_wa_Mkataba

Niingie kwenye maswali ya pili na ya tatu.

Siri: mfano wa mkuu hapo juu umeshaonyesha. Tatizo linatoka, mapishi yanabaki. Toeni pH, Briksi, joto na kikomo cha gharama. Msitoe uwiano wa viungo, jina la muuzaji wala bei mnayonunulia. Mkataba wa usiri usainiwe hatua ya pili, na wale wawili watatu mliowachuja. Ukitaka kila mshiriki asaini siku ya kwanza, wazuri hawatakuja na wewe utabeba siri za watu 200 usizozihitaji.

Hilo la kubeba siri ndilo linalowaumiza wengi. Kijana anatuma barua pepe yenye wazo ambalo maabara yenu inalifanyia kazi tangu Machi. Mkilitumia, anasema mmemuibia. Kinga ni mbili. Fomu ya kupokea mawazo iseme wazi kwamba hatua hii maelezo si ya siri, na iwe na ukurasa mmoja tu. Pili, daftari la maabara lenye kurasa zenye namba, tarehe kila siku na saini ya shahidi. Daftari la shilingi elfu tano linaweza kuokoa kesi ya mamilioni.

Umiliki: kutoa zawadi si kununua haki. Msipokuwa na hati ya kuhamisha haki iliyosainiwa kabla hela haijatoka, mmenunua picha ya hundi kubwa na makofi. Kwenye masharti andikeni mnachukua nini: haki yote, au leseni ya kutumia kwenye sosi tu na mvumbuzi abaki huru kuuza kwa watengeneza rangi. Leseni ya namna hiyo ni nafuu, na kwa kiwanda cha ukubwa wenu inatosha.

Mkienda chuoni, tuseme idara ya chakula pale chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro, au shirika la utafiti wa viwanda TIRDO Dar, mkataba utenge vitu viwili: kila upande umekuja na nini, na kitakachozaliwa humo ni cha nani. Bila orodha ya kwanza mtabishana juu ya ya pili. Halafu kuna tasnifu ya mwanafunzi. Akiitetea mbele ya watu kabla ombi la hataza halijawasilishwa, upya wa uvumbuzi unaweza kuwa umekwisha, maana nchi nyingi hazikusamehe ukishatangaza mwenyewe. Msimkataze kuchapisha, chuo hakitakubali na wana haki. Ombeni siku 60 za kusoma rasimu kwanza. Malipo yafuate matokeo, si miezi: sehemu mpango wa majaribio ukikubaliwa, sehemu sampuli ikipita kwenye mitambo ya kiwanda, sehemu ripoti. Hayo maneno "kwenye mitambo ya kiwanda" yaandikeni wino mzito. Kilichofaulu kwenye bika la mililita 500 mara nyingi kinagoma kwenye lita 500.

---

Mzee_wa_Kaunta

Wadau mmeongea vizuri, ila nawapinga kidogo. Wote mmetafuta maarifa kwa wataalamu: muuzaji, chuo, mkemia wa mbali. Mtumiaji mmemsahau, na yeye hataki mkataba.

M-Pesa haikuja kama tunavyoijua leo. Vodafone, kwa fedha za mfuko wa shirika la misaada la Uingereza na kwa kushirikiana na Safaricom, ilianza majaribio Kenya mwaka 2005 na wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, huduma ikiwa ni ya kurejesha mikopo midogo kwa simu. Watu wakaipa kazi yao wenyewe, wakaanza kutumiana pesa. Upande wa mikopo ulikuwa mgumu kuoanisha na vitabu vya Faulu. Timu ikakubali kufundishwa: Machi 2007 ilizinduliwa kama huduma ya kutuma pesa. Wazo lililobeba biashara lilitoka kwa wateja wasiofika 500 waliokuwa wanaangaliwa kwa karibu. Tatizo la sosi lingekuwa na watu wa kuangaliwa kwa karibu pia: wauza chipsi. Nendeni kwa kumi. Tazameni chupa inakaa wapi, karibu na karai la moto au juani. Wengi wanahamishia sosi kwenye chupa zao na kuiongezea maji au siki. Huyo hajali maji ya shingoni, anajali isipoteze rangi akiizimua. Anayelalamika ni wa dukani anayenunua chupa moja. Inawezekana mnahitaji bidhaa mbili, na hilo hakuna maabara itakalowaambia.

Kuhusu shindano, mfano wa Netflix uwafikie bodi. Mwaka 2006 walitangaza dola milioni 1 kwa atakayeboresha usahihi wa mapendekezo ya filamu kwa asilimia 10. Mwaka 2009 timu ikafikisha, ikalipwa. Algorithimu ile ya ushindi haikuingizwa kwenye mfumo, kwa sababu kazi ya kihandisi ya kuiingiza ilizidi faida yake, na biashara yenyewe ilikuwa inahama kutoka diski za posta kwenda kutazama kwa intaneti. Walichokitumia ni mbinu mbili za zawadi ndogo ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya tangazo, mtaje kwa jina msimamizi wa zamu atakayeliingiza suluhisho kwenye uzalishaji, na siku ngapi mitambo itasimama. Jina lisipokuwepo, ghairini.

Na bodi ikiwatajia Procter & Gamble, ikumbukeni nusu ya pili ya hadithi. Ni kweli kampuni hiyo kubwa ya Marekani ya bidhaa za nyumbani ililenga nusu ya ubunifu wake uwe na mchango wa nje, na njia ya kuchapa picha kwenye vipande vya viazi vya Pringles, vilivyotoka 2004, waliikuta kwenye duka la mikate la profesa mmoja Bologna aliyekuwa anachapa picha kwenye keki. Lakini ndani walikuwa na watafiti wapatao 7,500 wa kuitambua ile mashine na kuibadilisha ifae vipande vya viazi. Nyie mna wawili. Mmoja wao apunguziwe kazi za kila siku, la sivyo ripoti ya chuo itaishia kwenye droo.

---

NyanyaTupu

Asanteni sana wakuu. Leo imepimwa: mashine ya kuponda inajaza tangi la lita 500 kwa dakika 40, kisha mvuke unafunguliwa, dakika 25 mpaka nyuzi 90. Yaani nyanya ya kwanza kupondwa inakaa zaidi ya saa nzima kabla haijafika huko. Sufuria la koti la mvuke (lenye kuta mbili, mvuke unapita katikati) lipo moja, la lita 200. Mashine ya kupasha haraka hatuwezi kuinunua. Kuna namna?

---

MpikaPektini

Hapo mkuu umejijibu. Namna ipo, na sufuria hilo linatosha.

Anzeni na rojo la kilo 100 lililokwisha pashwa, liwe nyuzi 95, kikorogeo kinazunguka muda wote. Pondeni nyanya moja kwa moja juu ya hilo rojo, kilo 10 kwa mara moja. Hesabu: kilo 100 za nyuzi 95 zikipokea kilo 10 za nyuzi 22 zinatulia kwenye 88 hivi. Mkimwaga 20 kwa pupa zinashuka mpaka karibu 83, tayari mnawapa vimeng'enya nafasi. Subirini irudi 95, ongezeni tena 10. Sufuria likikaribia kujaa, toeni nusu kwenda kwenye chujio, mbaki na kilo 100 za kuanzia.

Nguvu ya mvuke: tani 3 kwa saa 8 ni kilo 375 kwa saa, kuzitoa nyuzi 22 hadi 92 ni kama kilowati 29. Boila itoe kilo 60 za mvuke kwa saa kwa hatua hii, ikiwemo upotevu. Mtego wa mvuke (kifaa kinachotoa maji ya mvuke uliopoa) ukiwa umeziba, maji yanakaa kwenye koti na joto linachelewa kurudi. Uangalieni kabla ya kuilaumu boila. Kipimajoto kikae katikati ya rojo, si ukutani mwa sufuria, ukuta unadanganya.

Jaribio: makundi matatu kutoka kreti zilezile, la kwanza kwa njia hii, la pili lipondwe lisubiri dakika 10, la tatu kama mnavyofanya sasa. Yote yafikishwe Briksi ileile, ikipimwa kwa refraktomita, vinginevyo mnalinganisha embe na nanasi. Siku hiyohiyo wekeni gramu 10 za kila moja kwenye karatasi ya kuchujia, baada ya dakika 30 pimeni upana wa duara la maji. Hiyo inawapa dalili bila kusubiri wiki tatu. Kisha chupa 12 za kila kundi kwenye nyuzi 30, mfungue nne siku ya 7, nne siku ya 14, nne siku ya 21. Wanga wa makundi yote matatu uwe ule wa asilimia 2 wa mwanzo. Msiguse kitu kingine mpaka chupa ya mwisho ifunguliwe, hata meneja akija na gunia la zanthani mkononi.